Dawa za moyo zinachorwa kwa kompyuta, lakini elektro yetu iko wapi?



Siku hizi simu zetu zimejaa habari kwamba kompyuta inavumbua dawa. Nyingi kati ya habari hizo ni biashara ya mtu anayetaka kukuuzia kitu. Lakini kuna upande mmoja ambapo jambo hilo ni la kweli, tena si la jana: dawa za moyo unaopiga ovyo. Wataalamu wanachora seli ya moyo ndani ya kompyuta, wanaweka dawa mbele yake, kisha wanaangalia kama dawa hiyo itautuliza moyo au itauvuruga, kabla mtu yeyote hajameza kidonge.

Maoni yangu nayasema mapema ili tusizungushane. Maarifa hayo yanatuhusu sisi watu wa Haut-Katanga kuliko tunavyofikiri, kwa sababu dawa nyingi zinazogusa moyo ndizo hizi tunazonunua kila wiki kwa ajili ya malaria, kikohozi na tumbo. Lakini yanakwama njiani kwa kukosa mashine moja ndogo, ile tunayoiita elektro. Kwa hiyo ninaomba serikali ya jimbo iweke elektro katika kila hospitali kuu ya zoni ya afya, ianzie kule ambako wahami wa vita ni wengi, na ifundishe wauguzi kuitumia. Kabla ya kuota dawa mpya za Ulaya na Marekani, tupate kwanza njia ya kujua moyo wa mtu unafanya nini.

Malango ya moyo

Moyo wa mtu mzima unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Kinachouamrisha ni umeme, si ule wa SNEL, bali umeme mdogo sana unaotokana na chumvi zilizo mwilini: sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Kila seli ya moyo ina malango madogo kwenye ukuta wake. Lango la sodiamu likifunguka, sodiamu inaingia na seli inashtuka. Kalsiamu inafuata, na moyo unabana. Kisha malango ya potasiamu yanafunguka, potasiamu inatoka, seli inatulia na kungoja pigo linalofuata.

Wanaopita Kasumbalesa wataelewa haraka. Malori yanayoingia yana kizuizi chao, na yanayotoka yana chao. Kizuizi cha kutoka kikikwama, hata kama kile cha kuingia ni kizima, foleni inajaa, madereva wanaanza kupenya pembeni, na baada ya muda hakuna anayejua zamu ni ya nani. Moyo nao ni hivyo hivyo. Lango la potasiamu likizibwa, seli inachelewa kutulia, na pigo lingine linaweza kuingia kabla ya zamu yake. Mara nyingi mtu haoni kitu, au anasikia tu moyo umeruka. Siku ikiwa mbaya, moyo unatetemeka bila kusukuma damu, mtu anaanguka, na asipopata msaada anakufa palepale.

Tunajua kinachofuata mtaani. Mtu mzima aliyekuwa anatembea jana, leo amekufa bila homa ndefu. Familia inaanza kutafuta nani amemloga, nani alimpa chakula, mjomba gani alikuwa na wivu. Matanga yanageuka ugomvi. Sisemi kwamba kila kifo cha ghafla ni cha moyo. Nasema kwamba bila kipimo, moyo haupewi hata nafasi ya kushukiwa, na jirani ndiye anayeshukiwa badala yake.

Kwinini, mti tunaoujua

Historia ya dawa hizi ina mzizi karibu na kwetu. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi, aliyezoea kutumia kwinini katika nchi za joto, alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba moyo wake unapoanza kupiga ovyo, kwinini inaurudisha katika mwendo. Daktari hakuamini. Mgonjwa alimeza dawa, na siku ya pili alirudi mapigo yake yakiwa sawa. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914. Mwaka 1918 daktari Walter Frey alionyesha kwamba ndugu wa kwinini, inayoitwa kwinidini, ina nguvu zaidi kwa kazi hiyo. Zote mbili zinatoka katika magome ya mti mmoja, kinkina. Zina vipande vilevile, ila vimepangwa tofauti kidogo.

Ndugu zetu wa Kivu hawahitaji kuelezwa kinkina ni nini. Mti huo umelimwa kwao kwa miaka mingi, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimejulikana kwa kutoa kwinini kutoka magome hayo. Kwa hiyo familia iliyokimbia Bukavu ikiwa leo inaishi Katuba au Ruashi, imetoka katika nchi ya mti uliowafundisha madaktari kwamba moyo unaweza kurekebishwa kwa kidonge.

Lakini mti huo ulifundisha pia jambo la pili, lile ambalo kompyuta inalishughulikia leo. Kwinidini inatuliza moyo kwa kuziba malango ya sodiamu, na wakati huohuo inaziba lile la potasiamu. Kwa wagonjwa wengine dawa iliyokuja kutuliza ndiyo iliyowaangusha. Mikono miwili ya dawa moja: mmoja unajenga, mwingine unabomoa.

Ushahidi mkubwa ulikuja Marekani mwaka 1989. Watu waliopata shambulio la moyo walipewa dawa mbili, enkainide na flekainide, kwa sababu mapigo yao yalikuwa yanarukaruka. Elektro zao zilipendeza, mapigo ya ovyo yakapungua. Lakini walipohesabu, waliomeza dawa hizo walikuwa wamekufa zaidi ya mara mbili ya wale waliomeza kidonge kisicho na dawa. Madaktari walikuwa wamefanya jambo walilodhani ni zuri kwa miaka. Tangu pale, kila anayetengeneza dawa ya moyo anajua kwamba kuona mapigo yamenyooka kwenye karatasi hakutoshi.

Kompyuta inafanya nini hasa

Kuchora moyo kwa hesabu si jambo jipya. Mwaka 1960 Mwingereza Denis Noble alitoa hesabu ya kwanza ya kompyuta inayoiga umeme wa seli ya moyo. Kilichokosekana ni sura ya malango yenyewe. Roderick MacKinnon wa Marekani alifanikiwa kuona umbo la lango la potasiamu mwaka 1998, kwanza la bakteria, na mwaka 2003 akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 2017 yeye na mwenzake walichapisha umbo la lango la potasiamu la moyo wa binadamu linaloitwa hERG. Hilo ndilo linaloongoza kwa kuzibwa na dawa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya moyo kabisa.

Ukiwa na umbo la kufuli, unaweza kujaribu funguo bila kumgusa mgonjwa. Programu inachukua umbo la dawa, inaligeuza huku na huku ndani ya lango, inakadiria kama litanasa na kwa muda gani. Kisha hesabu hiyo inapelekwa kwenye seli nzima ya kompyuta, halafu kwenye kipande cha moyo, ili kuona mapigo yatakuwaje. Colleen Clancy na wenzake huko Marekani walitumia seli na kipande cha moyo cha kompyuta mwaka 2011, na programu yao ilitabiri vipimo ambavyo flekainide na lidokaine vinauchochea moyo badala ya kuutuliza. Mwaka 2020 kundi hilo lilichukua dawa mbili ambazo zote zinaziba hERG, dofetilide na moksifloksasini, na kompyuta ikaonyesha kwa nini ya kwanza ni ya hatari kuliko ya pili. Moksifloksasini si dawa ya moyo. Ni antibiotiki, na inatumika katika kutibu kifua kikuu sugu.

Tangu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani pamoja na wataalamu wa nchi nyingine wanajenga utaratibu wa kutumia seli ya kompyuta kupima usalama wa kila dawa mpya kwa moyo. Walikuwa wameumia. Terfenadine, dawa ya mafua ya mzio, iliuzwa kwa miaka kabla ya kuondolewa sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ya moyo. Na kuna moja inayotuhusu zaidi: halofantrine, dawa ya malaria iliyouzwa sana Afrika. Katika miaka ya 1990 ilionekana wazi kwamba inachelewesha moyo kutulia, na watu kadhaa walikufa ghafla. Kama kompyuta za leo zingekuwepo, huenda halofantrine ingezuiliwa mapema. Hiyo ndiyo faida, na ni kubwa.

Tena kazi hii haifanywi na wazungu peke yao. Profesa Kelly Chibale ni mwana wa Zambia. Kabla ya kwenda kusoma Cambridge alifanya kazi katika kiwanda cha baruti cha Mufulira, mji ulio ng'ambo tu ya mpaka wetu. Mwaka 2010 alianzisha kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kinachotafuta dawa za malaria na kifua kikuu. Kituo hicho kinatumia programu za kompyuta kuchuja dawa kabla ya kuzitengeneza, na moja ya maswali ambayo programu hizo zinaulizwa ni hili: je, dawa hii itaziba lango la moyo? Kijana wa Kasapa anayesoma sayansi ya dawa asiambiwe kwamba mambo haya yako mbali.

Moyo wa nani umo ndani ya kompyuta?

Hapa ndipo ninapoanza kulalamika. Kompyuta haijui kitu ambacho haikufundishwa. Inafundishwa kwa seli, kwa elektro na kwa damu za watu waliopimwa. Waliopimwa wengi si sisi.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitangaza katika jarida la Science kwamba wamepata tofauti ndogo katika lango la sodiamu la moyo, inayobebwa na takriban Wamarekani weusi 13 katika kila 100. Waliipata pia kwa watu wa Afrika ya Magharibi na wa visiwa vya Karibiani. Hesabu zao zilionyesha kwamba wengi wanaoibeba hawatapata shida maishani mwao. Lakini hatari inaongezeka mambo mengine yakikutana: dawa fulani, moyo uliokwisha kuumia, au potasiamu kupungua mwilini. Sisi wa Katanga, wa Kasai na wa Kivu hatukuwemo katika hesabu ile.

Msiniambie kwamba hilo ni jambo dogo. Kati ya mwaka 2007 na 2011 watafiti walifuatilia wagonjwa zaidi ya 15,000 wa nchi 47 waliofika hospitali wakiwa na ugonjwa wa vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo. Wagonjwa wa Afrika walikuwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja, Afrika walikuwa wamekufa karibu 20 katika kila 100, na Amerika ya Kaskazini 10. Kwetu moyo mara nyingi unaharibika mapema, kwa homa ya baridi yabisi inayoanza na koo la mtoto ambalo halikutibiwa.

Na dawa nzuri ya huko si lazima iwe nzuri hapa. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi na mapigo ya ovyo. Walilinganisha dawa mpya ya kuzuia damu isigande, rivaroksaban, na dawa za zamani za aina ya warfarini. Wote walidhani mpya itakuwa sawa au bora. Ikawa kinyume: waliopewa za zamani waliishi zaidi. Bila wagonjwa wa nchi kama zetu kupimwa, tungeambiwa tununue ya bei kali inayotufaa kidogo.

Kwa hiyo elektro ya Pweto haimsaidii mtu wa Pweto peke yake. Elektro 1,000 za watu wetu, zikitunzwa vizuri bila majina na kusomwa pale chuo kikuu cha Lubumbashi, ndizo zitakazoifanya kompyuta ijue kwamba sisi pia tuna mioyo. Kobalti yetu imo katika betri za kompyuta na simu za dunia nzima. Mioyo yetu nayo iingie katika hesabu zao.

Mfuko wa dawa wa mhami wa vita

Tuje kwa familia zilizohama. Chukua mfano wa mama aliyetoka Goma mwezi wa kwanza 2025, au Bukavu mwezi wa pili, au yule aliyekimbia Mitwaba miaka ya nyuma. Alitoka na watoto na kitambaa mabegani. Fishi ya hospitali ilibaki nyumbani. Alikuwa akimeza dawa ya tansio. Jina lake halikumbuki, anakumbuka tu kwamba ilikuwa nyeupe na ndogo.

Anafika Lubumbashi. Malaria inamshika, anapewa kwinini. Kikohozi kinakuja, farmasi ya jirani inamuuzia azitromisini. Analalamika juu ya kichefuchefu, anauziwa domperidone. Wiki nyingine ni flukonazole. Na katikati ya yote hayo, maji ya kisima yamempa kuhara kwa siku nne. Kila muuzaji amempa dawa halali, na kila dawa peke yake ina faida. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua mwingine alitoa nini. Dawa hizo zote nne zinaweza kuligusa lile lango la potasiamu. Na kuhara kumemtoa potasiamu mwilini, yaani kumeuacha moyo wake bila akiba siku ile ile unapoihitaji.

Kompyuta za Marekani zinajua jambo hilo. Onyo juu ya azitromisini lilitolewa huko mwaka 2013. Orodha ya dawa za kuangaliwa iko wazi kwenye intaneti, hailipiwi. Mama yetu hajui, na muuzaji wake, ambaye mara nyingi hakusomea dawa, hajui pia.

Hapa lazima niseme kwa sauti kubwa, maana najua habari zinavyosambaa: msiache dawa za malaria. Malaria inaua watu wengi mno nchini kwetu, na OMS ilipoketi mwaka 2016 kuchunguza dawa za malaria na moyo, iliona kwamba zinazotumika leo, zikitolewa kwa kipimo sahihi, hatari yake kwa moyo ni ndogo. Kwa malaria kali, artesunate ya sindano imechukua nafasi ya kwinini tangu utafiti wa mwaka 2010 uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, pamoja na Kinshasa, kwa sababu inaokoa watoto wengi zaidi. Hatari ninayoisema iko katika mchanganyiko usiojulikana, kwa mtu ambaye moyo wake haujulikani.

Wale watakaosema "bukari kwanza"

Najua jibu litakalokuja: watu hawana unga, hawana hema, hawana maji, nawe unaleta habari ya umeme wa moyo. Jibu langu ni kwamba mambo haya ni ya njia moja. Maji safi yanazuia kuhara, na kuhara kukizuiwa potasiamu inabaki. Paketi ya SRO inayogawiwa kwa mgonjwa wa kipindupindu ina potasiamu ndani yake. Ni dawa ya tumbo na ni ulinzi wa moyo pia. Sichagui moyo dhidi ya bukari. Ninaomba moyo usisahauliwe wakati tunahesabu magunia.

Wengine watasema elektro ni ghali. Tuwe wakweli. Mashine ya kawaida ya elektro ni ndogo, inabebwa mkononi, na nyingi zinatumia betri, kwa hiyo hata umeme ukikatika inafanya kazi. Waya zinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache karatasi inatoka. Haiumi, haina sindano. Bei ya jeep moja ya mheshimiwa inanunua mashine nyingi. Ghali ni kumfundisha mtu wa kuisoma, na hata hilo lina njia: muuguzi wa Kasenga anaweza kupiga picha ya karatasi kwa simu na kuituma kwa daktari wa moyo aliye Lubumbashi.

Na tuna mfano kwamba inawezekana. Mwongozo wa OMS wa kutibu kifua kikuu sugu unataka mgonjwa apigwe elektro, kwa sababu bedakwiline na moksifloksasini zinagusa moyo. Pale dunia ilipoamua kwamba dawa haitolewi bila elektro, programu za kifua kikuu zilianza kutafuta mashine. Kumbe mashine hupatikana ikiwekwa katika masharti. Basi tuiweke katika masharti yetu.

Tunachodai

Kwanza, serikali ya jimbo na wizara ya afya waweke elektro na muuguzi aliyefunzwa katika kila hospitali kuu ya zoni ya afya. Waanze kaskazini ya jimbo na mahali ambapo wahami wa vita wamepokelewa. Mashirika ya misaada yanayoleta masanduku ya dawa yalete mashine pamoja na masanduku hayo.

Pili, ACOREP, mamlaka ya taifa inayosimamia dawa, isiishie kwenye kufunga na kufungua milango ya farmasi. Itoe karatasi moja kwa Kiswahili, yenye majina ya dawa zisizochanganywa ovyo, ibandikwe ukutani katika kila farmasi ya Kenya, Katuba, Kampemba na komini nyingine zote. Karatasi moja tu, kwa lugha ambayo muuzaji na mnunuzi wanaisoma.

Tatu, chuo kikuu chetu kipewe njia ya kukusanya elektro hizo kwa ruhusa ya wagonjwa, na vijana wake wafundishwe hizo programu za kuchuja dawa. Cape Town wameanza. Sisi tungoje nini?

Nne, sisi wenyewe. Kuanzia leo, ukienda kununua dawa, beba zile zote unazomeza, hata za kienyeji, ziweke juu ya meza ya muuzaji. Mwambie mambo matatu: dawa ninazomeza ni hizi; nimehara au nimetapika siku hizi; nimewahi kuzimia, au katika ukoo wetu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Majibu hayo matatu yanaweza kumfanya muuguzi mzuri abadilishe dawa au akutume hospitali. Anayezimia ghafla, hasa wakati wa kukimbia au kushtuka, asiombewe tu nyumbani. Apelekwe akapigwe elektro. Na ninyi familia zilizohama, andikeni majina ya dawa zenu kwenye karatasi, au pigeni picha ya pakiti kwa simu. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na kadi ya mchaguzi.

Bajeti ya jimbo inapita kila mwaka mbele ya wabunge wetu wa jimbo. Wako kati yao wanaokuja redioni kueleza waliyofanya. Safari hii tuwaulize swali lisilo na siasa ndani yake: katika zoni yako ya afya kuna elektro ngapi, na nani anajua kuzisoma? Atakayejibu kwa namba, tutamshukuru hewani. Atakayejibu kwa hotuba, tutamrudishia swali.